Kwa nini huyu anataka Chrome, yule Opera Mini, na mwingine haachi Firefox: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakaa kwenye meza ya steshenari karibu na stendi. Tunatoa kopi, tunachapa barua, tunawajazia watu fomu za mtandaoni, na katikati ya hayo tunashikishwa simu zilizogoma. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa mara nyingi mno, nikaona niyaweke pamoja. Mengi huanza na "kivinjari kipi ni kizuri?" na mimi hujibu kwa kuuliza: kinakusumbua nini hicho ulicho nacho? Kila ninayemjua anayependa kivinjari chake kwa dhati, ukimchimba utakuta kuna shida iliyomfika siku moja na kivinjari hicho kikamtoa.

## Kwanza tuelewane

Kivinjari ni nini? Si ndiyo Google?

Kivinjari ni programu inayokufungulia kurasa za mtandao. Unaandika anwani, yenyewe inakwenda kuuchukua ukurasa kwenye seva (kompyuta ya mbali inayohifadhi kurasa) unakokaa, inauleta na kuupanga kwenye kioo chako. Chrome, Opera Mini, Firefox, Safari, Edge, Brave na Phoenix, vyote ni vivinjari. Google ni kampuni, na huduma yake ya kutafuta ni tovuti kama tovuti nyingine. Unaifungua ukiwa ndani ya kivinjari chochote.

Mkanganyiko huu una sababu. Chrome ni mali ya Google, na ukiandika neno lolote kwenye mstari wa juu, majibu ya Google ndiyo yanayokuja. Mteja akiniambia "nifungulie Google" namwelewa. Tatizo linakuja siku anapotaka kuhama: anaogopa kwamba akiacha Chrome hataweza tena kutafuta kitu. Ataweza, kama kawaida.

Kama vyote vinafungua kurasa zilezile, watu wanabishania nini?

Fikiria mabasi ya mikoani. Mabasi mawili yanaweza kuwa na chesisi na injini za kampuni moja, bodi zikawa za mafundi tofauti: hili lina viti vipana, lile lina sehemu ya kuchaji simu kila siti. Vivinjari viko hivyohivyo. Ndani kuna injini inayousoma ukurasa na kuuchora, na leo injini kubwa zimebaki tatu. Blink ya Google imo ndani ya Chrome, Edge, Opera ya kompyuta, Brave, Vivaldi na Samsung Internet. WebKit ya Apple imo ndani ya Safari. Gecko ya Mozilla, shirika linalotengeneza Firefox, imo ndani ya Firefox. Anayetoka Chrome kwenda Edge amebadilisha bodi. Anayekwenda Firefox amebadilisha na injini.

Ubishi mwingi ni wa bodi, na sioni kama ni ubishi wa bure. Matangazo yazuiliwe au yaachwe, bando liende kiasi gani, nani aone unachosoma, kitufe kikae juu au chini mahali dole gumba linapofika: hayo ndiyo mtu anakutana nayo kutwa nzima.

Kipi kinatumiwa zaidi duniani? Na je, ni kwa sababu ndicho bora?

Chrome, kwa mbali. Kwa miaka kadhaa sasa kimeshika takriban theluthi mbili ya matumizi yote, na Safari inafuata nyuma sana. Kilipotoka Septemba 2008 kilikuwa na jipya la kweli: kila kichupo (yaani kila ukurasa uliofunguliwa ndani ya dirisha moja) kilifanya kazi peke yake, kwa hiyo ukurasa mmoja ukianguka haukuangusha nyingine zote. Waliokuwa wakipoteza barua nzima ya maombi kwa sababu ya ukurasa mmoja mbovu walikihamia bila kushawishiwa.

Ila sababu kubwa zaidi ni nyingine: kimekuja na simu. Watu wengi hawajawahi kuchagua kivinjari, walikikuta. Hilo halikuanza na Google. Miaka ya 1990 Netscape Navigator ndiyo ilikuwa kivinjari cha watu, mpaka Microsoft ilipoanza kuiweka Internet Explorer ndani ya Windows bure. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Internet Explorer ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Baada ya kushinda, Microsoft ililala: toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likaja 2006. Miaka mitano watu walibaki na kivinjari kilekile, na virusi vikapita humo kama nyumba isiyo na mlango.

Nguvu ya kukutwa kwenye simu ina bei inayojulikana. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilibainika kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili utafutaji wake uwe ndio unaokutwa ndani ya Safari. Hakuna anayelipa kiasi hicho kwa kitu ambacho watu hukibadilisha kirahisi.

## Bando na simu ndogo

Kwa nini Opera Mini ilipendwa sana huku kwetu?

Kwa sababu iliheshimu pesa ya mtu. Opera ni kampuni ya Norway iliyoanza ndani ya shirika la simu la nchi hiyo, Telenor, mwaka 1994. Mwaka 2005 walitoa Opera Mini, na akili yake ilikuwa hii: simu ndogo haina nguvu ya kuupanga ukurasa mzito, basi kazi hiyo ifanyike kwingine. Ukifungua ukurasa, ombi lako linakwenda kwanza kwenye seva za Opera. Seva ndizo zinazouchukua ukurasa, zinaukamua, zinapunguza ubora wa picha, zinaufunga kifurushi kidogo na kukutumia. Opera wenyewe wanasema inaweza kuokoa hadi asilimia 90 ya data.

Rudi nyuma kwenye simu za Nokia za vitufe zilizokuwa zikitumia programu za Java. Kivinjari kilichokuja na simu kingehangaika na ukurasa mmoja mpaka vocha ya mia tano ikaisha ukiwa bado unaangalia mstari ukijaa polepole. Opera Mini ikaufungua ukurasa uleule, maandishi kwanza, picha zimefifia kidogo lakini zinaonekana, na salio limebaki. Kwa watu wengi wa umri wangu huo ndio ulikuwa mtandao wenyewe: matokeo ya mtihani, mpira, magazeti, wimbo wa kupakua usiku. Alama ile nyekundu ya O ikishakaa moyoni haitoki.

Kuna jambo la pili ambalo wataalamu hulisahau. Mtandao ukikatika katikati ya kupakua, Opera Mini iliweza kuendelea ilipoishia. Ukishawahi kufikisha asilimia 97 ya faili halafu likaanza upya, utaelewa kwa nini mtu hahami.

Leo bado inaokoa bando?

Inaokoa kwenye kurasa za kusoma, hasa ukiiweka kwenye hali ya kubana kabisa. Ndani ya programu kuna sehemu inayokuonyesha umeokoa kiasi gani. Ina pia hali ya kubana kidogo, ambayo huuacha ukurasa ukae zaidi kama ulivyo.

Kinachomaliza bando siku hizi, kwa watu wengi wanaokuja kwangu kulalamika, ni video na programu zinazojisasisha zenyewe, na hapo kivinjari hakina msaada mkubwa. Nikichukua simu ya mteja huwa naanza kuangalia mipangilio ya matumizi ya data kabla ya kugusa kivinjari.

Ukiuliza kuhusu Chrome: ilikuwa na hali yake ya kuokoa data, na Google waliiondoa Machi 2022 kwa maelezo kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Wanaonunua bando la siku kwa siku hawakufurahi, na mimi niko upande wao. Ile hali ilikuwa na kazi bado.

Najaza fomu kwenye Opera Mini, kitufe cha "Tuma" hakifanyi kitu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kumbuka jibu la Opera Mini hapo juu: katika hali ya kubana kabisa ukurasa unapangwa kwenye seva, wewe unaletewa kama picha iliyokwisha chorwa. Fomu za siku hizi zinategemea programu ndogondogo za JavaScript zinazotakiwa kufanya kazi palepale kwenye simu yako: ukichagua mkoa, orodha ya wilaya ijitokeze, ukipakia cheti, ukubwa wake upimwe. Zikiendeshwa mbali, nyingine hukwama.

Alikuja mama mmoja na simu ya mwanawe, wamejaza maombi ya mkopo wa chuo siku mbili mfululizo. Kila wakifika kwenye kuchagua wilaya orodha inakuwa tupu. Alikuwa ameshaamini kwamba jina la mwanawe limefutwa. Nikaishika simu, juu kushoto ilikuwa O nyekundu. Nikabadilisha hali ya kubana, nikaufungua ukurasa upya, wilaya zote zikashuka kama mvua. Alikaa kwenye benchi dakika nzima bila kusema neno, halafu akaniomba maji.

Kwa hiyo: kusoma, tumia unachopenda. Kujaza fomu, kulipia, au kuingia benki, tumia Chrome, Firefox au kivinjari kingine kamili. Kwa benki kuna sababu ya ziada: katika hali ya kubana kabisa ukurasa hufunguliwa kwenye seva iliyo katikati, kwa hiyo usiri hauendi moja kwa moja kutoka kwako mpaka benki.

Simu yangu ni kitochi chenye intaneti. Naweza kuweka Chrome?

Huwezi. Vitochi vingi vya namna hiyo, ikiwemo Smart Kitochi ya Vodacom, hutumia mfumo wa KaiOS, uliotokana na mfumo wa simu ambao Mozilla waliuanzisha na kuuacha. Kivinjari chake ni jamaa wa Firefox, kinatosha kusoma habari. Kwa fomu ndefu tafuta simu janja ya ndugu au njoo steshenari.

Phoenix iliyokuja na Tecno yangu ni mbaya? Niifute?

Phoenix inakuja ndani ya simu za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Transsion ya China. Wanaoipenda wananiambia ni kwa sababu ya kupakua video kirahisi na kuona hali za WhatsApp za watu wakazihifadhi. Wanaoichukia wanachukia taarifa zinazochomoza bila kuombwa: habari za wasanii, michezo ya bahati nasibu, mikopo ya haraka. Kama hizo ndizo zinazokukera, ingia mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uizimie arifa. Kuifuta kabisa mara nyingi haiwezekani, ila unaweza kuizima na kukifanya kingine kiwe ndicho kinachofungua viungo.

Jambo moja la kutochanganya: Firefox nayo ilipoanza 2002 iliitwa Phoenix. Hazina undugu.

Niliambiwa UC Browser ni hatari. Kweli?

Ilipendwa kwa sababu zilezile za Opera Mini. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba ilikuwa ikivujisha taarifa za watumiaji, pamoja na walipo na walichotafuta, na mwaka 2020 India iliipiga marufuku pamoja na programu nyingine nyingi za China. Mimi siiweki kwenye simu ya mteja.

## Kompyuta, kasi na uzito

Kwa nini watu wanasema Chrome inakula RAM?

Kwa sababu inakula. Ule ubora wa kila kichupo kufanya kazi peke yake, nilioutaja juu, una gharama: kila kimoja kinachukua nafasi yake kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Tangu 2018 Chrome ya kompyuta imeongeza ukuta kati ya tovuti na tovuti ili moja isiweze kuchungulia siri za nyingine, na ukuta nao unahitaji nafasi. Ni ulinzi wa kweli, ila kompyuta yenye GB 4 za RAM na vichupo ishirini inaanza kuganda.

Vivinjari vingine vya Blink vina mwenendo huohuo, kwa hiyo kuhamia Brave hakuleti muujiza. Edge ina vichupo vinavyolala visipotumika, na Chrome nayo ikaongeza hali ya kuokoa kumbukumbu mwishoni mwa 2022. Washa hiyo, ondoa viendelezi (programu ndogo za nyongeza ndani ya kivinjari) usivyovitumia, funga vichupo. Kwenye mashine zetu mbili za zamani hapa dukani, kuondoa viendelezi ndiko kulikoleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha kivinjari.

Kompyuta yangu bado ina Windows 7. Nitumie nini?

Swali hili naulizwa na wenye steshenari wenzangu kuliko mtu yeyote. Chrome toleo la 109 la Januari 2023 ndilo la mwisho linalokubali Windows 7 na 8.1, na Edge ikaishia hapohapo. Firefox ndiyo iliyobaki na watu hawa muda mrefu zaidi: toleo lake la 115, lile la msaada wa muda mrefu, liliendelea kutolewa masasisho ya usalama kwa Windows 7, na Mozilla walisogeza mwisho wake mbele zaidi ya mara moja. Ndiyo maana ukiingia steshenari yenye mashine za zamani utakuta mbweha wa rangi ya chungwa, alama ya Firefox.

Hata hivyo kivinjari kipya juu ya Windows iliyoachwa ni kufuli jipya kwenye mlango ulioliwa na mchwa. Usihifadhi chochote cha benki humo. Ukiweza, weka Linux nyepesi, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Mashine hiyohiyo itapata Firefox ya kisasa bila kununua kitu.

Edge ina faida yoyote, au ni ya kupakulia Chrome tu?

Utani huo ulikuwa wa haki enzi za Internet Explorer, iliyozikwa rasmi Juni 2022. Edge ya sasa, tangu Januari 2020, ina injini ileile ya Chrome. Inasoma PDF vizuri, na inasoma ukurasa kwa sauti, jambo linalowasaidia wazee wasioona vizuri. Kinachowaudhi watu ni Windows kuisukuma usoni kila mara. Naielewa hasira hiyo. Umoja wa Ulaya uliipiga Microsoft faini ya euro milioni 561 mwaka 2013 kwa sababu iliahidi kuwaonyesha watumiaji wa Windows orodha ya vivinjari wachague wenyewe, halafu orodha hiyo ikakosekana kwa miezi mingi. Sisi huku hatukuwahi kuonyeshwa orodha yoyote.

## Faragha na matangazo

Watu wa Firefox mbona wanaipenda kama timu ya mpira?

Kwa sababu kwa namna fulani ni yao. Netscape iliposhindwa na Microsoft, mwaka 1998 iliuachia umma msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe), na watu wa kujitolea wakaujenga upya chini ya jina la Mozilla. Firefox 1.0 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Mwezi uliofuata watumiaji wake walichangishana wakanunua kurasa mbili za gazeti la New York Times kuitangaza, na majina ya wachangiaji, maelfu kwa maelfu, yakachapwa humo kwa herufi ndogondogo. Sijui bidhaa nyingi za kompyuta ambazo wateja wamezifanyia hivyo.

Kuna pia hoja ya leo. Firefox ndiyo kivinjari kikubwa pekee kisichotegemea injini ya Google wala ya Apple. Ikitoweka, namna kurasa zinavyotakiwa kuandikwa itaamuliwa na kampuni mbili. Wakati huohuo sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, ikilipia utafutaji wake ukae ndani ya Firefox. Mimi ni mtumiaji wa Firefox na jambo hilo linaniuma, silifichi.

Kwa nini kizuia matangazo changu, uBlock Origin, kimezimwa kwenye Chrome?

Google ilibadilisha kanuni za viendelezi. Chini ya kanuni mpya kiendelezi hakiruhusiwi tena kukagua na kusimamisha kila ombi la ukurasa kwa uhuru kama zamani, na kufikia 2025 uBlock Origin ya asili ilikuwa imezimwa kwa watumiaji wa Chrome. Google inasema ni kwa ajili ya usalama na kasi. Kuna toleo jepesi linalokubaliwa, lina nguvu pungufu. Ile kamili bado inafanya kazi Firefox, ya kompyuta na ya Android.

Hapa ndipo Brave ilipopata wateja wengi: kuzuia matangazo kumejengwa ndani, huweki kiendelezi. Mmoja wa waanzilishi wake ni Brendan Eich, aliyeibuni JavaScript mwaka 1995. Kwetu kuzuia matangazo kuna maana ya ziada kwa sababu tangazo nalo linakula MB zako. Unalipia kuoneshwa kitu ambacho hukukiomba.

Nikitumia hali fiche (incognito), hakuna anayeniona?

Anayeshika simu hiyohiyo baadaye hataona ulikopita. Basi. Mtandao wako wa simu unaona umeunganishwa na tovuti gani, mwenye WiFi ya ofisini anaweza kuona, na tovuti yenyewe inakuona. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 na watumiaji waliosema waliaminishwa vinginevyo. Mwaka 2024 ilikubali kufuta kumbukumbu nyingi zilizokusanywa wakati watu wakiwa katika hali hiyo.

Ina kazi nzuri moja ambayo nawafundisha wote: ukitumia kompyuta ya watu, ingia kwa hali fiche, ukimaliza funga dirisha. Watu wamewahi kuacha barua pepe zao wazi hapa dukani, na mteja anayefuata akakaa kwenye kiti chenye joto bado.

Naipenda Opera kwa sababu ina VPN ya bure. Inatosha?

VPN ni njia ya kupitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mtu mwingine ili yasionekane njiani. Hii ya Opera inaficha kinachopita ndani ya kivinjari hicho tu. WhatsApp na programu nyingine haziguswi. Na anayekupa njia ya bure ndiye anayeona unakopita. Ukiwa Tanzania jua pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kutaka wanaotumia VPN wajisajili.

## Mambo ya pembeni

Chrome kwenye iPhone ni Chrome kweli?

Bodi ni Chrome, injini ni ya Safari. Apple imekuwa ikilazimisha kila kivinjari cha iPhone kitumie WebKit. Tangu Machi 2024 kanuni za Umoja wa Ulaya zimeruhusu injini nyingine kwa watumiaji wa huko. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Ujerumani anaweza kuwa na haki ambayo wewe uliyeko Arusha huna, kwenye simu ileile. Mtu wa iPhone anayechagua Chrome huwa anafuata nywila na alamisho zake (kurasa alizoziwekea alama ili azirudie) zilizoko kwenye akaunti ya Google, na hiyo ni sababu nzuri.

Tovuti inaniambia "tumia Chrome", na mimi natumia kingine. Nifanye nini?

Mara nyingi hakuna kinachoshindikana kweli. Aliyeijenga aliijaribu kwenye Chrome tu. Kila kivinjari hujitambulisha kwa tovuti kwa mstari wa maneno, na tovuti nyingine husoma jina na kukufungia mlango. Mchezo huu ni wa zamani. Miaka ya 1990 tovuti ziliwapa watumiaji wa Netscape kurasa nzuri zaidi, na jina la ndani la Netscape lilikuwa Mozilla, basi Internet Explorer ikajitambulisha kama Mozilla ili isinyimwe. Mpaka leo karibu kila kivinjari, Chrome kikiwemo, huanza utambulisho wake na neno Mozilla. Vivaldi ilichoka kufungiwa, ikaamua mwishoni mwa 2019 kujitambulisha kama Chrome kabisa.

Jaribu kwanza kuiweka hali ya kompyuta kwenye menyu. Ikikataa, fungua Chrome kwa kazi hiyo moja. Kama tovuti ni ya huduma ya umma, waandikie. Mwananchi hatakiwi kulazimishwa programu ya kampuni fulani ili apate cheti chake.

Nikihama, nitapoteza nywila na alamisho zangu?

Kwenye kompyuta hupotezi: kivinjari kipya kikifunguliwa mara ya kwanza huuliza kama kichukue vya zamani, ukubali. Kwenye simu ni kazi zaidi, hasa ukitoka Opera Mini. Kabla ya kufuta chochote, hakikisha unaweza kuingia kwenye barua pepe yako kwa nywila unayoikumbuka kichwani. Nimewaona watu wakifuta kivinjari kilichokuwa kikiwakumbukia kila kitu kwa miaka sita, na laini ya kupokea namba za uthibitisho ilishapotea zamani.

Na nywila zako usizihifadhi kwenye mashine ya steshenari, hata yangu. Kivinjari kikiuliza, bonyeza "Hapana".

Naweza kuwa na viwili kwenye simu moja?

Ndiyo, havigombani, kinachotakiwa ni nafasi. Simu yangu ina Firefox ya kila siku na Opera Mini ya kusomea magazeti bando likibaki kidogo. Yule mama wa fomu ya mkopo alirudi wiki iliyofuata akitaka vivyo hivyo kwenye simu yake mwenyewe, itel yenye nafasi finyu. Tulifuta picha za harusi zilizojirudia, Firefox ikaingia, na akanitaka nimwandikie kwenye karatasi: O ya kusoma, mbweha wa kujaza. Karatasi ameikunja ndani ya kava la simu.